Mchumba Akiambiwa Hatapona



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza na watu wenye miaka mingi mbele yao. Tunawashauri namna ya kutunza pesa, namna ya kuishi na mama mkwe, namna ya kulea watoto na kusameheana mpaka vichwa viwe na mvi. Lakini wako vijana ambao mashauri hayo hayawafai hata kidogo. Hao ni wale waliopendana, wakaanza kupanga, na kabla pete haijavaliwa daktari akasema kwamba mmoja wao ana ugonjwa usiotibika na siku zake zinahesabika. Je, mapenzi ya namna hiyo yana maana gani? Kupenda ni kutazamia kesho, na huyu hana kesho. Ndivyo wasemavyo wengi, wengine kwa huruma na wengine kwa ukali. Leo tulitazame neno hilo bila haraka.

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 27, fundi wa magari mjini Nakuru, amemposa binti wa miaka 24 anayefundisha watoto wa chekechea karibu na Nyahururu. Wazee wameonana, mbuzi wa kwanza wamepelekwa, na padre amekwisha kuyaandika majina yao. Kijana anaanza kulalamika kwamba goti linamuuma usiku. Anachuliwa, anameza vidonge vya dukani, anasema ni kwa sababu ya kulala chini ya magari mchana kutwa. Miezi mitano baadaye picha inaonyesha saratani ya mfupa, nayo imekwisha kufika mapafuni. Saratani ya aina hii huwapata zaidi vijana, aghalabu karibu na goti, na ikishaingia mapafuni wanaopona ni wachache, hasa ikigunduliwa kwa kuchelewa kama inavyotokea kwetu mara nyingi.

Sasa sikiliza yanayosemwa. Shangazi za binti wanamwita jikoni: "Wewe mtoto, unataka kuolewa na kaburi? Mbuzi wa watu warudishwe mapema." Nyumbani kwa kijana nako wanasema: "Waozeshwe upesi. Huenda akatuachia mtoto. Mzee hajazaliwa bado." Maana kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba yake mume, na mzee ambaye hajapata wa kumwita huona kama jina lake litapotea. Hawa wote si watu wabaya. Kila upande una uchungu wake. Lakini angalia jinsi wanavyowatazama hawa wawili: upande mmoja umemhesabu kijana kuwa amekwisha kufa, na upande wa pili umemhesabu binti kuwa ni tumbo tu la kubeba jina. Wenyewe hakuna aliyewauliza.

Kwanza, ukweli

Katika jamaa zetu nyingi daktari humwita baba au kaka mkubwa kando, akamweleza mambo yote, na mgonjwa akaambiwa ni uvimbe tu, utakwisha. Mchumba naye hunong'onezwa na kuonywa asiseme. Basi kila Jumamosi binti anakuja na uso uliooshwa machozi, na kijana anamweleza habari ya nyumba atakayojenga akitoka hospitali. Watu wawili waliopendana kweli wanageuzwa kuwa waigizaji.

Tunasema tunafanya hivyo ili asivunjike moyo. Lakini mgonjwa si mjinga. Anaona jamaa wa mbali wakifika ambao hajawaona miaka mitano. Anaona mjomba ameacha kumdai deni. Anaona mama yake akitoka nje kila wanapoanza kuzungumza juu ya Krismasi. Anajua, ila hana mtu wa kumwambia kwamba anajua, na huo ndio upweke mkubwa kuliko wote. Kisha ana mambo ya kutengeneza ambayo hawezi kuyatengeneza gizani: madeni, ugomvi na ndugu, kitubio, na hili la uchumba. Sisemi apigwe na habari kama mtu aliyeangushiwa gogo. Aulizwe kwa upole anataka kujua kiasi gani, na ajibiwe kwa kiasi hicho. Wengine hutaka kidogo kidogo. Lakini asidanganywe.

Na ukweli huo unakwenda pande zote mbili. Akiwa mgonjwa ndiye anayejua, naye akamficha mchumba ili arusi isivunjike, amefanya kosa kubwa. Sheria Kanuni za Kanisa za mwaka 1983 zinasema wazi, katika kanuni ya 1098, kwamba anayefunga ndoa kwa kulaghaiwa makusudi juu ya hali ya mwenzake inayoweza kuvuruga sana maisha ya unyumba, hajafunga ndoa halali. Tusiione kuwa ni sheria kavu. Ukimnyima mwenzako nafasi ya kuchagua, umekwisha kumtumia badala ya kumpenda.

Hapa niingize neno juu ya Ukimwi, kwa kuwa wengi bado wanauweka katika hesabu hii. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1990 ndio uliozika wachumba wetu wengi, na mwaka 1999 Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa janga la kitaifa. Siku hizi mambo si yale. Mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri kila siku anaweza kuishi mpaka uzee, na virusi vikipungua hata visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Wajibu wa kumwambia mchumba ukweli uko pale pale, lakini asihesabiwe miongoni mwa wanaokufa.

Mtu asiye na kesho hutoa nini?

Mwaka 1947 katika hospitali moja ya London alilazwa mhudumu wa hoteli aitwaye David Tasma, Myahudi aliyetoka Warsaw, mji mkuu wa Poland. Alikuwa na miaka 40, hana jamaa katika nchi ile, na saratani ilikuwa inamwua. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyemhudumia, Cicely Saunders, alikuwa bado hajatimiza miaka 30. Walipendana. Hawakuwa na nyumba wala siku ya arusi ya kungojea. Walikuwa na kiti kando ya kitanda katika wodi yenye kelele. Kilichomtesa Tasma zaidi ya maumivu ni wazo kwamba ameishi bure na kwamba hapatakuwa na alama yoyote duniani kuonyesha kuwa alipita. Wakaanza kuzungumza juu ya mahali pengine, tofauti na wodi ile, ambapo mtu anayekufa angetulizwa maumivu na kusikilizwa. Alipofariki mwezi wa Februari 1948 alimwachia Cicely pauni 500, akisema atakuwa dirisha katika nyumba hiyo.

Nyumba yenyewe haikuwapo. Cicely alirudi shuleni, akahitimu udaktari mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua Hospisi ya Mtakatifu Christopher mjini London. Dirisha la Tasma liko hapo. Kutoka hapo huduma hiyo ya wagonjwa wasiopona ilienea ulimwenguni, hata kwetu. Hospisi ya Nairobi ilianza kuhudumia watu mwaka 1990 katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta.

Wengine watasema hiyo ni bahati ya mtu mmoja, si kila mgonjwa ataacha hospisi. Ni kweli. Lakini mimi sitazami jengo. Natazama kwamba mtu yule aliyejiona bure alipata maana siku alipoombwa kitu na akawa nacho cha kutoa. Alitoa shauri, alitoa wazo, alitoa pesa chache alizokuwa nazo. Mapenzi ya Cicely hayakumponya, wala hayakumwongezea mwezi mmoja. Yalimrudisha katika hesabu ya watu wanaotoa.

Daktari Viktor Frankl wa Vienna aliwaza sana juu ya jambo hili, na si kwa kukaa mezani. Alimwoa Tilly, muuguzi kijana, mwezi wa Desemba 1941. Walikuwa Wayahudi chini ya utawala wa Hitler, na ndoa yao haikutimiza mwaka kabla hawajakamatwa. Mwaka 1944 walitenganishwa katika kambi ya Auschwitz. Frankl ameandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1946 jinsi alivyokuwa akipelekwa kazini alfajiri katika baridi kali, akauona uso wa mkewe moyoni na kuzungumza naye, bila kujua kama yu hai au la. Alipokombolewa ndipo alipopata habari kwamba Tilly amefariki. Hata hivyo hakusema kwamba mapenzi yale yalipotea. Alifundisha kwamba mtu hupata maana kwa njia tatu: kwa kazi anayoifanya, kwa upendo, na kwa namna anavyoyapokea mateso ambayo hawezi kuyaepuka. Fundi wetu wa Nakuru amenyang'anywa ile ya kwanza kwa sehemu kubwa. Zile mbili hakuna saratani inayoweza kuzigusa bila ruhusa yake, isipokuwa sisi tuliomzunguka tumnyang'anye.

Nasi tunamnyang'anya kweli, tena kwa mapenzi. Tunamlisha, tunamgeuza, tunamwombea, tunachanga pesa, lakini hatumwombi lolote. Binti akija kumwona anaficha taabu zake zote. Mwalimu mkuu amemwonea, mdogo wake amefukuzwa shule kwa sababu ya karo, mama yake hasemi naye kwa sababu ya uchumba huu; yote anayaacha getini, anaingia na tabasamu na chupa ya uji. Anadhani anamhurumia. Lakini kijana huyu alikuwa mtu wake wa kumweleza mambo, na sasa ameachishwa kazi hiyo pia. Dada, mweleze. Mwache akasirike kwa niaba yako. Mwache akushauri vibaya kama zamani. Mdogo wake wa kiume naye aje na injini ya pikipiki, aifungue pale uani, na mgonjwa kwenye godoro lake amwambie kipi kinakaa wapi.

Namwonya vilevile yule anayetaka kumfanya mgonjwa mtakatifu kabla ya wakati. Mnapenda kutoa mifano, kama ule wa Chiara Corbella, mama kijana wa Roma aliyegunduliwa kuwa na saratani ya ulimi akiwa mja mzito, akaahirisha sehemu ya matibabu mpaka mtoto azaliwe mwaka 2011, akafariki Juni 2012 akiwa na miaka 28, mumewe kando yake. Ni mfano mzuri, nami naupenda. Lakini haufai kugeuzwa kuwa rungu. Mgonjwa ana haki ya kulia, ya kumkasirikia Mungu, ya kukataa wageni siku nzima na kuomba redio tu asikilize mpira. Mchumba anayeweza kuketi naye katika siku ya namna hiyo bila kumhubiria amefanya kazi kubwa kuliko rozari tatu zilizosaliwa kwa sauti juu ya kichwa chake.

Wafunge ndoa au wasifunge?

Nijibu waziwazi, kwani najua mnangojea. Hakuna anayelazimika. Uchumba ni ahadi nzito, lakini si ndoa. Kanuni ya 1062 yasema kwamba ahadi ya kuoana haimpi mtu haki ya kudai mwenzake afunge ndoa. Binti akiona hawezi, hajatenda dhambi ya kumwacha mume, maana hajawa na mume. Ila kuna namna ya kuondoka. Asitoweke. Asibadilishe namba ya simu wala kumtuma mdogo wake na ujumbe. Aje mwenyewe, aketi, aseme kwa kinywa chake, na akiweza aendelee kuja kama rafiki. Kijana huyu ataumia, lakini ataumia kama mtu aliyeheshimiwa.

Na wakitaka kuoana? Basi hakuna anayewazuia, wala shangazi asisimame mlangoni. Lakini kila mmoja ajiulize swali moja gumu. Binti ajiulize: huyu angepona kesho kwa muujiza, ningefurahi kuwa mke wake miaka arubaini, pamoja na hasira zake na mafuta ya gari katika shuka zangu? Akisita, basi kinachomsukuma ni huruma, na huruma ni jambo jema lakini haihitaji pete. Kijana naye ajiulize: namtaka huyu, au naogopa kufa peke yangu? Kuogopa si aibu. Lakini hofu hiyo yaweza kutulizwa na mama, ndugu, padre na marafiki. Si haki kumfunga binti wa watu kwa ajili yake.

Habari ya mtoto ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kanisa halidai kwamba ndoa lazima iweze kuzaa. Utasa hauibatilishi ndoa, na dawa kali za saratani huweza kuharibu uwezo wa kuzaa. Wakijaliwa mtoto, na apokewe kwa shangwe. Lakini wakiozeshwa kwa kusudi hilo tu, ili mzee apate jina na boma lipate mrithi, hapo nakataa. Mtoto si jiwe la kaburi. Tena mnayemwozesha binti leo kwa sababu ya jina, mmekwisha kupanga ni nani atamsomesha yatima huyo, na mama yake ataishi katika shamba la nani? Wazee wengi hunyamaza wakiulizwa hayo.

Wakishaamua kwa hiari, yafanywe kwa udogo. Nimesikitika kuona kamati ya arusi ikichanga kwa ajili ya mahema, keki na magari yaliyopambwa huku mgonjwa akikosa pesa za dawa. Hapana haja. Paroko anaweza kuja kitandani na mashahidi wawili wakatosha. Ikiwa kuna hatari ya kifo na muda hautoshi, askofu anaweza kuondoa baadhi ya vizuizi vya sheria ya Kanisa na hata kuwasamehe utaratibu wa kawaida wa ibada. Kanuni ya 1079 iliwekwa kwa ajili ya watu kama hawa. Msingoje mpaka mgonjwa hawezi kusema ndiyo. Kinachofanya ndoa ni ridhaa yao wawili, na anayetoa ridhaa lazima awe na akili zake timamu.

Maumivu

Mapenzi hayasitawi katika maumivu makali. Mtu anayesaga meno usiku kucha hawezi kutafuta maana ya maisha, anatafuta alfajiri. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa mchumba, au mke, ni kuhakikisha mgonjwa anapata dawa ya kutosha. Mofini ya kunywa hutolewa katika hospisi na hospitali nyingi, na zipo hospisi Nyeri, Meru, Eldoret, Kisumu na Mombasa pia. Wengi huiogopa, wanadhani ni dawa ya kummaliza mgonjwa. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari si hivyo. Wengine hudhani Mkristo hutakiwa kuvumilia bila dawa. Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili aliwajibu madaktari tangu mwaka 1957 kwamba ni halali kumtuliza mgonjwa maumivu. Anayetaka kumtolea Mungu mateso yake na atoe kwa hiari yake, jirani asimtolee.

Anayebaki

Sitaki kuficha kwamba anayebaki ataumia sana, na kwamba kwetu huumizwa mara ya pili na watu. Akiwa ameolewa, kuna mahari ambayo haijamalizika na mabishano yake. Akiwa ni mchumba tu, hana sauti katika lolote: wapi atazikwa, nani atavaa nini, nani atasimama karibu na jeneza. Katika kijitabu cha mazishi majina ya wajomba na binamu yatajaa kurasa mbili, na lake lisionekane. Aliyemwosha na kumlisha miezi saba ataketi nyuma ya hema pamoja na majirani, na mtu atamwuliza yeye ni nani.

Akipenda kuolewa na mwingine baadaye, yuko huru, hata kama walikuwa wamefunga ndoa, kwani kifo huimaliza. Asihesabiwe miezi. Ni vizuri sana maneno hayo yakisemwa na mgonjwa mwenyewe mbele ya wazazi wake, ili wasije wakamwita msaliti. Mambo ya mazishi nayo yasiachwe mpaka siku ya kamati. Baba wa kijana, mwulize mwanao sasa, angali na sauti, angependa binti huyu aketi wapi siku hiyo, na jina lake liandikwe vipi. Kisha mwite katibu wa kamati, na umwambie mwenyewe.